Ua Lililopinda

"Usiyaguse hayo maua!"

"Yatakufa."

"Na yeye je? Yeye hajafa? Mtu kalala chini hapo, wewe unawaza maji ya maua!"

"Namwagia kidogo tu, Sista. Hiki chombo kimoja."

"Weka kopo chini. Polisi wakija wakakuta umevuruga vitu, utawajibu wewe? Weka chini, shoga, kabla sijakunyang'anya."

"Ninyang'anye basi! Ninyang'anye tuone!"

"Hakuna wa kumnyang'anya mwenzake," sauti ya kiume ilisema mlangoni. "Rudini nyuma nyote wawili. Kopo weka sakafuni, mama. Hapo hapo."

Wanawake wakageuka. Inspekta alikuwa amesimama na koti mkononi, shati limemgandia mgongoni kwa jasho. Nyuma yake Koplo, askari wa kike mwenye mdomo mwepesi, alikuwa ameshaanza kufunga utepe mlangoni.

Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Sinki la saruji, bomba linalovuja, ndoo za maua, meza ndefu, stuli moja kwenye kona. Kati ya meza na sinki alilala mwanamke mtu mzima, chali, aproni ya kijani kiunoni. Damu chini ya kichwa ilikuwa imeshaanza kukauka pembeni. Petali moja nyeupe ilimnata shavuni. Hakuna aliyethubutu kuitoa.

"Nani huyu?"

"Mwalimu," alijibu yule aliyeitwa Sista, muuguzi mstaafu, mrefu, anayeongea kama bado yuko wodini. "Si wa shule. Mwalimu wetu wa kupanga maua. Klabu yenyewe ni yeye."

"Na wewe mama?"

"Mimi fundi mapazia." Huyu alikuwa mfupi, amejifunga kanga juu ya blauzi, sauti iko chini. "Wananiita Mama Mapazia."

"Nani kamkuta?"

"Sote wawili," Sista alisema. "Asubuhi tulikuwa na onyesho. Mwalimu anapanga maua mbele ya watu, sisi tunatazama, tunauliza. Ukumbi ulijaa. Mchana tukatawanyika, yeye akabaki. Jioni hii nimekuja kufunga, nikamkuta mwenzangu getini, kafuata ndoo yake. Tukaingia pamoja, ndiyo tukaona hivi."

"Kuna mtu aligombana naye?"

Wakatazamana.

"Si vizuri kusema mbele ya marehemu," Mama Mapazia alinong'ona.

"Marehemu ndiye anayetaka mseme," Koplo alisema.

Sista akashusha pumzi. "Binti yake. Kaingia katikati ya onyesho. Mama yake ana moyo mbovu, daktari kamkataza kusimama muda mrefu. Binti anataka aende akaishi kwake, apumzike. Mwalimu akamjibu mbele ya watu: lini umekuwa mama yangu? Watu wakacheka. Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe. Binti akapandwa na hasira, akamwambia: kaa na maua yako, yakuzike!"

Nyuma yao bomba lilikuwa linadondosha maji.

*

Binti alikuwa muuzaji wa duka la dawa. Walimleta kituoni na sare yake nyeupe, kalamu bado iko mfukoni.

"Baada ya ugomvi ulienda wapi?"

"Kazini."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Fundi viatu pale njia panda amekuona unarudi ukumbini mchana. Amekuona unaingia getini."

Akaishika kalamu mfukoni.

"Dada," Inspekta alisema, "uongo wa kwanza nakusamehe. Wa pili naufungulia jalada."

"Nilirudi kumwomba radhi."

"Ukamwomba?"

"Sikuingia." Akajifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Nilifika dirishani nikasikia anacheka. Anacheka kabisa, afande, kile kicheko cha tumboni. Mimi nimelia njia nzima, yeye anacheka. Nikasema kumbe hata hajali. Nikaondoka."

"Alikuwa anacheka na nani?"

"Sikuona. Dirisha lina pazia."

"Ulisikia sauti nyingine?"

"Yake tu. Alikuwa anaelezaeleza, kama anavyofanya akifundisha."

"Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwepo pale ni wewe, na hukuingia."

"Sikuingia!" Akapiga meza, halafu akaishika ile ile kama anaogopa kuanguka. "Kesho alasiri wanamzika. Mimi ndiye mtoto pekee. Niacheni nikamzike mama yangu, kisha mnirudishe mnifunge mnavyotaka. Sitakimbia. Nikimbilie wapi?"

Mkuu wa kituo alikuwa anasikiliza mlangoni. Alimvuta Inspekta kando.

"Binti kamtakia mama yake kifo mbele ya ukumbi mzima. Kaonekana pale. Kadanganya. Unataka nini tena, akuimbie?"

"Nataka kujua mama yake alikuwa anacheka na nani."

"Alikuwa anacheka peke yake! Wazee wanacheka peke yao. Kesho adhuhuri nataka jalada mezani kwangu."

"Na mazishi?"

"Mazishi siyo kazi yetu. Mahabusu atabaki mahabusu."

*

Asubuhi Inspekta alirudi ukumbini. Simu ya daktari wa uchunguzi wa maiti ilimkuta anapandisha ngazi.

"Amepasuka kisogo, kona ya sinki," daktari alisema. "Na kifuani ana michubuko miwili, kama mtu alimsukuma kwa viganja. Hakuna silaha. Msukumo mmoja tu wa hasira."

"Alikufa hapo hapo?"

"Hapana. Hilo ndilo baya. Aliishi muda, si mfupi. Angefikishwa hospitali, pengine ungekuwa unamhoji yeye sasa hivi."

Inspekta alirudisha simu mfukoni, akamalizia ngazi.

Ukumbini viti vilikuwa bado vimepangwa vinatazama mbele. Vyombo vya onyesho vimejaa meza nzima. Kwa kukosa maji toka jana maua yalikuwa yameinama, mengine yamemwaga petali chini, na harufu yake ilikuwa imeanza kuwa kali.

Kwenye chumba cha nyuma, mtaalamu wa alama za vidole alikuwa anafunga sanduku lake.

"Mkasi wa Mwalimu umefutwa, afande. Stuli imejaa vidole vya klabu nzima. Hapa sina cha kukupa."

Koplo alikuwa amesimama nyuma ya meza, palepale aliposimama Mwalimu, anatazama chombo ambacho wanawake walikigombania.

"Afande, mimi maua siyajui, lakini hili pambo ni baya. Vijiti vitupu na majani. Huyu mwanamke alikuwa mwalimu kweli, au walikuwa wanamwonea huruma?"

Sista, waliyemwita aje awaelekeze, akakunja uso.

"Unatazama mgongo wake, binti. Mwalimu alipanga akiwa nyuma ya chombo. Ni mazoea ya maonyesho: mikono yako iko huku, uso wa maua uko kule kwa watazamaji. Hata nyumbani kwake alipanga hivyo. Zunguka utaona."

Inspekta alizunguka. Ukuta. Kona. Stuli.

Akakaa kwenye stuli.

Na kweli, kutoka pale maua yalikuwa kitu kingine kabisa. Meupe yamepanda upande mmoja, ya njano yanateremka kuyafuata, na nafasi kati yake kama mtu anavuta pumzi. Yalikuwa yanamtazama yeye moja kwa moja.

"Hakuwa peke yake," Inspekta alisema. "Alikuwa anamwonyesha mtu. Mtu alikaa hapa."

"Basi binti hakudanganya," Koplo alisema.

"Hili moja mbona limelegea?"

Katikati ya pambo kulikuwa na waridi jekundu. Mengine yote bado yalikuwa mabichi, yamezama kwenye sponji iliyoshiba maji. Hili peke yake lilikuwa limenyauka, kichwa kimelala pembeni, petali zimejikunja kama karatasi iliyokaribia moto.

Inspekta alivaa glavu, akalishika shina kwa koleo ndogo. Kichwa cha ua kikamdondokea mkononi.

Kilikuwa kimekatwa. Mtu alikirudisha juu ya shina na kukibandika kwa pini, ile ndefu nyembamba yenye kichwa cha shanga ya bluu.

"Sista. Nyie mnatumia pini?"

"Pini? Sisi tunatumia waya. Ua likivunjika shingo unalizungushia waya. Pini ungeileta mbele ya Mwalimu, angekutoa nje." Akasogea kutazama. "Na isitoshe Mwalimu asingelirudisha. Alikuwa na neno moja tu: punguza. Ukimletea chombo chako, anakuangalia, anasema punguza. Kabla hujauliza nini, mkasi wake umeshapita. Kila mmoja wetu ameshalia kwa sababu ya lile neno."

Inspekta aliiweka pini kwenye mfuko wa vielelezo.

"Jana mlipogombana, ndani ya jengo hili kulikuwa na vyombo vingapi vyenye kiu?"

"Vyote vya ukumbini. Si unaviona."

"Na mwenzako alitaka kumwagia maji kipi?"

Sista akakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye na miguu yake mirefu, mikono juu ya magoti.

"Hapana, afande. Yule hapana. Yule ni shoga yangu."

"Anashona mapazia."

"Najua anashona nini!" Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Mwanawe alikufa mwaka jana. Kijana wake mmoja tu. Akawa hali, hatoki, amefunga cherehani. Nikamwambia njoo klabu, utatazama maua, utacheka kidogo. Mimi ndiye niliyemleta, afande. Kwa mkono wangu huu."

*

Cherehani lilikuwa barazani, limelemewa na kitambaa cheupe. Mama Mapazia hakusimama walipoingia uani. Aliendelea kukanyaga mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Karibuni. Nawashonea shuka la kumfunikia Mwalimu. Wanalihitaji mchana huu."

Ukosi wa blauzi yake ulikuwa na pini nne zimechomekwa. Vichwa vya shanga za bluu.

Kando ya mlango kulikuwa na kopo kuukuu la rangi, ndani yake mche wa waridi. Majani tu. Shina moja lilikuwa limekatwa karibuni, kwa mshazari, safi.

"Nani kaupanda huu?" Inspekta aliuliza.

"Mwanangu."

"Ua lake liko wapi?"

Akaficha vidole chini ya kitambaa.

"Vidole vyako vimechomwa, mama."

"Mimi fundi. Sindano zinanichoma kila siku."

"Hii siyo sindano. Hii ni miiba." Inspekta akatoa mfuko wa kielelezo, akauweka juu ya kitambaa cheupe, mbele ya macho yake. Pini, na kile kichwa cha ua kilichosinyaa. "Usiseme lolote kama hutaki. Utakalosema litaandikwa, na litatumika mahakamani. Umenielewa?"

Aliutazama ule mfuko. Alipopeleka mkono Koplo akasogea, lakini alikuwa anataka kuugusa tu kwa juu ya plastiki.

"Nilijua litakufa," alisema. "Lilikuwa halipati maji. Nilitaka likae mpaka nilipeleke."

"Wapi?"

"Kaburini kwake." Akaanza kukunja pembe ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Aliupanda huu mche akiwa anaumwa. Akanitania, akasema mama, ua likichanua nitakuwa nimepona. Halikuchanua. Akafa. Nikaumwagilia tu kwa mazoea, unajua, kama unavyopika chakula kingi wakati mtu hayupo. Wiki hii asubuhi moja natoka kufagia, naliona. Moja tu. Shingo imepinda hivi." Akainamisha kichwa begani. "Hivi ndivyo alivyokuwa anacheka mwanangu. Hivi hivi kabisa."

Koplo alitazama pembeni.

"Ukalipeleka kwa Mwalimu."

"Nilisubiri watu watoke. Nikamwambia nina ua la kupeleka kaburini, nipangie vizuri, mimi mikono yangu haijui bado. Akafurahi! Alikuwa na huzuni kwa ajili ya ule ugomvi, akasema afadhali umekuja. Akanikalisha kwenye stuli, akanifanyia onyesho zima mimi peke yangu. Akaniigizia Sista anavyoshika mkasi kama anakata bandeji. Tulicheka. Mwaka mzima nilikuwa sijacheka hivyo."

"Halafu?"

"Akalishika lile."

"Akasema nini?"

"Punguza."

Upepo ulipita, ukainua kitambaa kidogo, ukakilaza.

"Sijafungua hata mdomo, kichwa cha ua kikaangukia ndooni. Nikamwambia Mwalimu, lile ndilo lenyewe! Akasema lilikuwa limepinda, mama, lingeharibu pambo zima, nitakuwekea jingine zuri zaidi." Akauvuta uzi wa pindo. "Hakujua. Nilimwambia la kaburini, sikumwambia nani kapanda. Nilikuwa naogopa kulitaja jina lake nikalia. Angejua, asingelikata. Yule mama alikuwa mtu mwema, afande. Andika hivyo. Andika kwamba alikuwa mtu mwema."

"Endelea."

"Nikamsukuma. Mikono yote miwili. Sikumpiga, nilimsukuma tu atoke pale mezani, asikate tena."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo."

"Uliita mtu?"

"Hapana."

"Mwaka jana ulimuuguza mtoto. Unajua mtu anayehitaji hospitali anafananaje."

"Najua."

"Ulifanya nini, mama?"

"Nilikitoa kichwa kwenye ndoo. Nikachomoa pini hapa." Akagusa ukosi. "Nikalibandika. Halikusimama vizuri, nikarudia. Kisha nikayamalizia yaliyobaki, kama alivyokuwa ananionyesha. Sikuwa nasikia kitu. Nilipokuja kumwangalia, amenyamaza. Nikafuta mkasi. Geti likalia, nikatoka mlango wa nyuma mikono mitupu."

"Na jioni ukarudi kulichukua."

"Nikamkuta Sista getini."

Inspekta akasogeza kiti, akakaa mbele yake. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

"Binti yake yuko mahabusu tangu jana. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mama yake anazikwa leo. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa umekaa hapa unashona."

Mama Mapazia alilitazama shuka magotini mwake, jeupe, pindo zake zimenyooka sana. "Sijui kazi nyingine, baba," alisema.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya onyo, yale aliyoandikisha Mama Mapazia, akiwa amesimama. Alipomaliza alivua miwani, akairudisha, akasema mwacheni binti, haraka, mazishi yasimpite. Kisha akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Binti alitoka na viatu mkononi, kamba zake walikuwa wamezichukua. Koplo alikuwa anamsaidia kuzirudisha, amepiga goti kabisa sakafuni, anaongeaongea mambo ya gari litakalompeleka, ili tu kusiwe kimya. Koridoni, kwenye benchi la mbao, alikaa Mama Mapazia na pingu, Inspekta pembeni yake.

Walishamwambia binti aliyemuua mama yake ni nani. Hata hivyo alisimama.

"Ulinishonea sare ya shule," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa unakuja kwetu. Mlikuwa mnakunywa chai na mama jikoni."

"Ndiyo."

"Usiseme naye," Inspekta alimwambia binti, taratibu. "Gari linasubiri. Nenda kamzike mama yako."

"Neno moja tu, afande. Nina haki ya neno moja." Akamgeukia yule mwanamke. "Nilimwambia maneno mabaya, na hayo ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kwangu. Wewe ulikuwa naye. Alisema kitu?"

Mama Mapazia alimtazama Inspekta. Jambo hili halikuwa kwenye maelezo yake.

"Alisema?"

"Alisema," Mama Mapazia alijibu. "Pale chini. Alisema niitie binti yangu."

Koplo alisimama.

"Mara moja?" binti aliuliza.

"Mara nyingi."

"Kazini kwangu ni dakika chache tu kutoka pale," binti alisema. Alikuwa anaongea kwa upole sasa, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Ungetoka getini, ungepiga kelele, ningesikia. Ningekuja na viatu mkononi. Akikuambia uniite, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napanga maua."

Binti alimtazama. Inspekta alisubiri apige, au alie, au atukane, na alikuwa ameshaamua kwamba chochote kati ya hivyo hatakizuia.

Binti aligeuka, akaondoka.